Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Mtoto Mchanga Katika Familia Yenye Usonji

Barua tatu kati ya zilizonifikia mwezi huu zinahusu jambo moja: familia ambayo tayari ina mtoto au jamaa mwenye usonji (autism), na mtoto mwingine, mchanga au aliye bado tumboni, ambaye wazee wake wanataka kumkinga kwa chakula. Nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa aliyeiandika ameuliza waziwazi jambo ambalo akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wamekwisha kusimama kuondoka kliniki.

Kwako Mtaalamu wa Lishe,

Nina watoto wawili. Kifungua mimba wangu ni mvulana wa miaka mitano, na alipokuwa na miaka mitatu tuliambiwa ana usonji. Mdogo wake ni msichana wa miezi mitano na nusu. Ninamnyonyesha, na hivi karibuni nitaanza kumlisha. Wifi yangu, ambaye anatupenda na amesoma mengi kuhusu jambo hili, ananisihi nisimwonjeshe mtoto ngano wala maziwa ya ng'ombe hadi atimize miaka mitatu, na mimi mwenyewe niache chapati, mkate na chai ya maziwa maadamu ninanyonyesha. Katika kundi letu la wazazi kwenye WhatsApp, mama mmoja anasimulia kwamba mwanawe alianza kusema wiki tatu baada ya kuachishwa vyakula hivyo. Kuna pia mtu anayetuuzia unga maalumu kutoka nje, na pakiti moja inanigharimu zaidi ya unga wa nyumba nzima kwa wiki. Mume wangu anasema tujaribu, kwa kuwa kuacha chakula fulani si kumeza dawa na hakuwezi kumdhuru mtoto. Mimi nimepungua uzito na sina amani. Nisipofanya hivyo, kisha mtoto huyu naye apatikane na usonji, nitajisamehe vipi?

*Mama wa Wawili, Umoja*

Mama, nitaanza na jibu lenyewe kisha nieleze. Usimnyime binti yako ngano wala maziwa kwa sababu ya usonji wa kaka yake, na wewe kunywa chai yako na ule chapati yako. Hakuna ushahidi kwamba kumwondolea mtoto mchanga vyakula hivyo humkinga na usonji. Na kinyume cha anavyoamini mume wako, chakula kinachoondolewa kinaweza kudhuru, hasa kati ya miezi sita na miaka miwili, wakati mwili na ubongo wa mtoto vinapodai mengi kutoka kwenye bakuli dogo.

Wazo alilokuletea wifi yako halikuzuka jana. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alipendekeza kwamba baadhi ya dalili za usonji, kama vile mtoto kutojali maumivu na kutotafuta watu, zinafanana na hali ya ubongo uliozidiwa na kemikali za jamii ya afyuni. Waliomfuata, miongoni mwao Kalle Reichelt wa Norwei, wakaunganisha wazo hilo na chakula. Walisema kuwa gluteni, ambayo ni protini ya ngano, na kasini, ambayo ni protini ya maziwa, zisiposagwa vizuri tumboni huacha vipande vinavyofanana na afyuni, na kwamba vipande hivyo hupenya utumbo, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Ni maelezo ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuata, na nadhani ndiyo sababu yamedumu. Lakini yalipopimwa hayakusimama. Mwaka 2016 Susan Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio lililowahusu watoto 14 wenye usonji, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, ambao kwanza waliondolewa gluteni na kasini zote. Baadaye watoto hao walipewa vitafunio vilivyotiwa gluteni, au kasini, au zote mbili, au visivyotiwa chochote, bila mzazi wala mpimaji kujua mtoto amekula kipi siku gani. Hapakuwa na tofauti katika tabia, usingizi wala choo chao. Watoto 14 ni wachache, nakubali, lakini uangalifu wa jaribio lenyewe ndio unaolipa uzito. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unawaelekeza madaktari wasitumie lishe ya kuondoa gluteni au kasini kutibu dalili kuu za usonji.

Hao ni watoto ambao tayari walikuwa na usonji. Kwa mtoto anayenyonya kama binti yako, nadharia yenyewe inagonga mwamba mapema zaidi, kwa sababu maziwa yako wewe yana kasini. Maziwa ya mama yeyote yana kasini, awe anakunywa maziwa ya ng'ombe au hajawahi kuyaonja maishani mwake. Ikiwa kasini ndiyo sumu inayohofiwa, basi kila mtoto aliyewahi kunyonya ameinywa tangu siku ya kwanza, na hakuna anayethubutu kukushauri uache kumnyonyesha. Endelea kumnyonyesha, na akianza kula umnyonyeshe pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi, kama kijitabu chako cha kliniki kinavyoeleza.

Sitaki kusema kwamba mama yule wa WhatsApp anadanganya. Naamini aliona alichokiona. Watoto wengi wenye usonji husumbuliwa na tumbo: wengine hukaa siku nyingi bila kupata choo, wengine huendesha, na wengi huchagua sana chakula. Mtoto ambaye hana maneno ya kusema tumbo linamuuma atalia, atajipiga kichwa ukutani, hatalala. Tena katika jamii zetu nyingi za Kiafrika, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hupungua mwilini mtoto anapokua, hivyo mtoto wa miaka minne anayekunywa vikombe vingi vya maziwa anaweza kujaa gesi na kuharisha. Ukiyaondoa, tumbo linatulia, mtoto analala, na mtoto aliyelala husikiliza na kujifunza kuliko aliyekesha. Hayo ni mafanikio ya kweli, ila ni mafanikio ya tumbo. Pia wazazi wanaobadilisha chakula mara nyingi huwa wameanza mengine wakati huohuo, kama tiba ya usemi au shule mpya, na mtoto wa miaka mitatu au minne naye huwa anaendelea kukua. Wiki tatu hizo zilikuwa na mambo mengi ndani yake.

Nakiri kwamba kutafuta kinga ndani ya chakula si upuuzi, kwa sababu upo ugonjwa ambao chakula ndicho kinga yake hasa. Mwaka 1934 huko Oslo, mama aitwaye Borgny Egeland, aliyekuwa na watoto wawili waliodumaa akili, alizunguka kwa madaktari akiwaeleza kwamba mikojo ya watoto wake ina harufu ya ajabu, hadi daktari Asbjørn Følling alipomsikiliza na kuipima. Ndipo ukagunduliwa ugonjwa wa fenilketonuria, ambao mwili hushindwa kuchakata sehemu moja ya protini. Leo mtoto anayezaliwa nao akiwekwa kwenye lishe maalumu tangu wiki zake za kwanza hukua na akili zake timamu. Lakini tazama tofauti: kule kisababishi kinajulikana, hupimwa katika damu, na chakula huongezwa au kupunguzwa kwa kufuata kipimo hicho. Kwa usonji hakuna kitu cha namna hiyo katika damu tunachoweza kukipima kisha tukakishusha kwa kuacha chapati.

Sasa nije kwenye madhara, ambayo mume wako anayaona kuwa hayapo. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo huwa imepungua sana anapofikisha miezi sita, hivyo kuanzia hapo chakula ndicho cha kumletea. Madini hayo hujenga damu na pia ubongo, na mtoto anayeyakosa katika umri huu hulegea, huchelewa kucheza na huchelewa kujifunza. Ingekuwa uchungu mkubwa kumletea mtoto ucheleweshaji kwa njia ya juhudi za kumkinga nao. Maziwa nayo, mtoto akishapita mwaka, ndiyo njia rahisi na ya bei nafuu kwa wengi wetu hapa Nairobi ya kupata protini pamoja na kalsiamu ya mifupa. Watafiti wa Marekani waliopima mifupa ya wavulana 75 wenye usonji, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008, waliikuta ni myembamba kuliko ilivyotarajiwa, na walionyimwa maziwa ndio walioathirika zaidi. Ukiongeza kwamba watoto wa mitaa yetu ya ghorofa huweza kukaa ndani siku nzima bila kuonja jua, utaona kwa nini nina wasiwasi na matege.

Kuna funzo jingine, linalohusu mzio na wala si usonji, ambalo limetubadilisha sisi tunaoshauri kuhusu lishe. Kwa miaka mingi wazazi wa watoto walio katika hatari ya mzio wa njugu waliambiwa wawacheleweshee. Mwaka 2015 utafiti uitwao LEAP, uliofanyika London kwa watoto 640, ulionyesha kwamba kati ya waliozuiwa njugu, asilimia 17.2 walikuwa na mzio huo walipofika miaka mitano, ilhali kati ya waliolishwa mapema ni asilimia 3.2 tu. Ushauri wa tahadhari ndio uliokuwa ukileta madhara. Tangu hapo mtu akiniambia "tumwondolee tu, kwa usalama," mimi humuuliza usalama huo umepimwa wapi.

Kuhusu unga unaouziwa, naomba uhifadhi pesa zako. Gluteni iko katika ngano, shayiri na jamii zake. Wimbi halina gluteni. Mtama hauna, mahindi hayana, mchele hauna, wala nduma, viazi vitamu, ndizi na mihogo. Mtoto wa Umoja anayeanza kwa uji wa wimbi na ndizi iliyopondwa anakula chakula kisicho na gluteni bila yeyote kumlipia nauli ya ndege. Kwa hiyo huna haja ya kumlazimisha mtoto ngano akiwa na miezi sita. Akishika kipande cha chapati ya kaka yake akiwa na miezi minane, mwache akitafune.

Lililo gumu zaidi katika bakuli la mtoto wa Nairobi ni kwamba uji mara nyingi huwa mwepesi na huwa peke yake. Ninachokuomba ni kuongeza, si kupunguza. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Katika wiki za kwanza mpe chakula kipya kimoja kwa siku mbili tatu ili ukijue kama kinamkubali, kisha uende mbele haraka: yai lililoiva kabisa, maharagwe au ndengu zilizochemshwa na kupondwa, maini kidogo, omena zilizosafishwa na kusagwa, parachichi, malenge, na mboga kama terere na managu zilizokatwa ndogondogo. Mala au mtindi unaweza kuingia katika chakula chake hata kabla ya mwaka, ila maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya kunyonya hadi atimize miezi kumi na miwili. Asali isubiri mwaka huohuo, kwa sababu huweza kubeba viini vinavyopooza misuli ya mtoto mchanga. Sipendelei unga wa mchanganyiko wa nafaka na njugu aina nane, unaosifiwa sana katika maduka yetu, kwa kuwa mtoto akitokwa na vipele hutajua ni kipi kati ya vile vinane. Vilevile mahindi na njugu zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota sumukuvu, na Wakenya hatujasahau mwaka 2004, watu 125 walipokufa kwa mahindi ya namna hiyo katika eneo la Makueni na Kitui. Nunua wimbi kidogokidogo, lichague, lioshe, lianike likauke, kisha lisagwe.

Yapo mazingira ambamo mimi mwenyewe ningesema tuondoe chakula. Mtoto akipata damu katika choo, akitapika kila anapokunywa maziwa, akivimba midomo, akiwa na ukurutu usiopoa au akiacha kuongezeka uzito, mpeleke kwa daktari wa watoto, na kama ni mzio wa maziwa mtapewa mpango wa kuyaondoa na kitu cha kuziba pengo lake. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huharibu utumbo; huo hupimwa mtu akiwa bado anakula ngano, na ukiiondoa kabla ya kipimo unakipofusha kipimo chenyewe. Nayasema haya pia kwa ajili ya kifungua mimba wako: ikiwa naye mmemwachisha maziwa, au kama anakula vyakula vitatu tu, msiendelee peke yenu. Mtafuteni mtaalamu wa lishe amkague.

Umeniuliza juu ya kujisamehe, na swali hilo limekaa nami siku kadhaa. Sehemu kubwa ya kinachofanya mtu mmoja apate usonji na mwingine asipate hutokana na jeni. Utafiti wa mwaka 2019 uliojumuisha watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano uliikadiria kuwa takriban asilimia 80. Hukumpa mwanao usonji kwa kijiko, na hutauzuia kwa kijiko. Sitakuficha kwamba uwezekano kwa mdogo wake upo. Utafiti wa Sally Ozonoff na wenzake uliochapishwa mwaka 2024, uliowafuatilia watoto 1,605 waliokuwa na ndugu mkubwa mwenye usonji, ulikuta kwamba mmoja kati ya watano alipatikana nao. Kwa wavulana ilikuwa takriban asilimia 25 na kwa wasichana asilimia 13. Maana yake ni kwamba wengi hawaupati, na pia kwamba ni haki yako kumtazama binti yako kwa jicho la karibu kuliko jirani anavyomtazama wake.

Na kumtazama huko ndiko ninakotaka uhamishie nguvu unazotumia kuchuja unga. Huko Australia, Andrew Whitehouse na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti wa watoto 103 ambao, walipokuwa na umri wa kati ya miezi tisa na kumi na minne, walikuwa wameanza kuonyesha dalili. Nusu ya familia zilitembelewa nyumbani kwa miezi mitano. Mzazi alirekodiwa kwa video akicheza na mtoto au akimlisha, kisha akaonyeshwa video hiyo ili aone ishara ndogo za mtoto ambazo huwa zinatupita, yaani jicho linalogeuka, mkono unaonyooka, sauti inayongoja jibu. Walipofika miaka mitatu, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa takriban asilimia 7 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 21 katika kundi jingine. Ni utafiti mmoja na unahitaji kurudiwa, lakini mimi unanipa tumaini ambalo hakuna unga ulionipa.

Mlo basi ni wakati wako. Mkalishe mtoto mtazamane, simu na televisheni zizimwe, na usubiri afungue mdomo mwenyewe badala ya kumkaba. Akitoa sauti, irudie. Taja kila kitu unachompa. Kufikia miezi tisa anapaswa kugeuka ukimwita jina na kurudisha tabasamu. Kufikia mwaka anapunga mkono na kuanza kuonyesha kitu kwa kidole. Kufikia miezi kumi na sita ana maneno yake. Kufikia miaka miwili anaunganisha maneno mawili kwa akili yake mwenyewe. Akichelewa, na hasa akipoteza neno au tabasamu alilokuwa nalo, usikubali kuambiwa ungoje akue. Rudi kliniki uombe rufaa ya tathmini ya makuzi. Baadaye, kwa masuala ya kujifunza na shule, kituo cha tathmini cha KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, kiko Kasarani, si mbali sana nawe.

Wewe nawe ule. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, nawe umeandika kwamba unapungua. Wifi yako mwonyeshe jibu hili kwa upole, kwa sababu alichokuwa akikipigania ni mtoto yuleyule unayempigania wewe.

Mpendwa Mtaalamu,

Mke wangu ana mimba ya miezi minne, yetu ya kwanza. Mdogo wangu wa kiume ana usonji, na sasa ni kijana wa miaka kumi na tisa. Mama yangu, aliyemlea kwa taabu, anaogopa yasijirudie, na amemwambia mke wangu aache mayai na samaki. Je, kuna chakula ambacho mjamzito anapaswa kula au kuacha ili mtoto asizaliwe na usonji?

*Baba Mtarajiwa, South B*

Ndugu yangu, usonji wa ami huongeza uwezekano kidogo tu. Hupungua kadiri udugu unavyokuwa wa mbali. Hakuna chakula cha kuacha kwa sababu hiyo. Mayai na samaki mke wako ayale, tena bila kujificha, kwa kuwa ndimo mna protini, madini ya joto na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unajengwa nayo. Mama yako mweleze kwa heshima, na kama inawezekana mwende naye kliniki, asikie kutoka kwa muuguzi badala ya kusikia kutoka kwa mkwewe.

Jambo moja lina ushahidi wa kutia moyo. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2013, uliojumuisha watoto 85,176, ulionyesha kwamba usonji ulikuwa mchache zaidi kwa watoto ambao mama zao walitumia asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba hadi wiki zake za mwanzo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba asidi hiyo ndiyo iliyokinga, kwani akina mama wanaoitumia mapema huenda wanatofautiana na wengine kwa mambo mengi. Lakini vidonge hivyo vina kazi nyingine isiyo na shaka, ya kuzuia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, na hapa kwetu kliniki huwapa wajawazito kidonge chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Mke wako ameze hicho kila siku, kimoja, asizidishe. Kikimletea kichefuchefu akimeze baada ya chakula cha jioni.

Ningemwomba aache odowa, yale mawe laini ya kutafuna, ikiwa ni mmoja wa wale wanaoyatamani. Najua yanauzwa sokoni kama peremende na kwamba hamu yenyewe si ya kuchezewa, lakini mawe hayo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni adui wa ubongo wa mtoto, na mara nyingi hamu hiyo ni dalili kwamba damu imepungua, apimwe. Pombe aiache kabisa. Na kama anatumia dawa ya kifafa, amwone daktari wiki hii hii, kwa sababu dawa moja, valproati, huongeza uwezekano wa usonji na kasoro nyingine. Lakini asiiache mwenyewe hata siku moja, maana degedege katika mimba ni hatari kwa wote wawili, na daktari ndiye atakayembadilishia.

Kwako Daktari wa Lishe,

Mimi ni nyanya ninayelea wajukuu wakati mama yao yuko kazini. Mkubwa ana miaka saba na ana usonji. Mdogo ana miezi minane na hana shida yoyote. Hapa mtaani maziwa ya ngamia ni mengi, na nimeambiwa na watu ninaowaamini kwamba huzuia usonji mtoto akianzishwa mapema, mradi yawe mabichi. Nimeyanunua lakini bado sijampa. Nifanyeje?

*Nyanya, Eastleigh*

Nyanya, nakusalimu kwa heshima, na nashukuru kwamba uliuliza kabla ya kumpa.

Maziwa ya ngamia ni chakula kizuri, na jamii zetu za kaskazini zimelea vizazi kwayo. Nayo pia yana kasini, ijapokuwa watu huyasifu kana kwamba hayana. Majaribio ya kuyatumia kwa usonji yaliyofanywa Saudia yalihusu watoto wachache ambao tayari wana usonji, na walikunywa kwa wiki mbili tu; hayo hayatoshi kusema kwamba yanatibu, na hayahusu kabisa kumkinga mtoto asiye nao.

Neno linalonitia hofu ni hilo la mabichi. Maziwa mabichi, ya ngamia, ya mbuzi au ya ng'ombe, huweza kubeba bruselosi, ugonjwa wa homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo ambao humtesa mtu kwa miezi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria. Hubeba pia viini vya kuharisha, na mtoto wa miezi minane hukauka maji mwilini kwa saa chache. Kuchemsha hakuharibu faida unayoitafuta kwa kiasi cha kukufanya uhatarishe hilo.

Mdogo basi asipewe maziwa ya ngamia kama kinywaji hadi atimize mwaka. Mama yake akiweza kukamua maziwa yake kabla ya kwenda kazini, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko na umpe kwa kikombe. Yakiwa kwenye jokofu hukaa salama mchana kutwa. Mpe pia uji mzito, yai, maharagwe na mboga. Yale uliyoyanunua, kama hayajachacha, yatie kwenye sufuria mpaka yatokote vizuri, uyapoze, na mkubwa akiyapenda ladha yake umpe kikombe kimoja pamoja na chakula chake. Akiyakataa, msimlazimishe, tengenezeni chai.